Damu Pungufu ya Mtendeni

Mtendeni, Tabora
9 Novemba 2024

Zuwena mwanangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mumeo, na huyo mgeni mliyempata. Nimefurahi kusikia umejifungua salama. Jina la Nawal sijui limetoka wapi, maana katika ukoo wetu hakuna Nawal, lakini kama baba yake amelipenda, basi. Mfunike kichwa, huko Ujiji kuna upepo wa ziwa. Na wewe usitoke nje kabla ya arobaini eti kwa kuwa umesoma. Waliosoma nao huumwa mgongo.

Sisi hapa hatujambo. Binti yangu Chausiku anakusalimu, bado ana mdomo wa marehemu baba yake. Asali mwaka huu imekuja kidogo. Warinaji wa Sikonge wanasema moto uliingia porini. Mimi nasema wanawauzia wenye malori halafu wanakuja kunililia.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: masikio yangu, tangu zile kwinini za utotoni, hayapokei simu, nasikia mvumo tu. Ya pili, simu ya nyumba hii anayo Chausiku, na ujumbe wowote anausoma kabla yangu. Barua hii anaileta jirani yetu Nassibu, yule anayekagua tiketi kwenye treni ya Kigoma. Nijibu kwa mkono wake.

Sasa jambo lenyewe. Titi langu la kushoto lina uvimbe. Mwezi wa nane walikata kinyama wakakipeleka Dar, jibu likarudi kwamba ni saratani. Usilie, mimi nimeshamaliza kulia. Nimepata nafasi kwenye kliniki ya mradi iliyofunguliwa Ipuli. Dawa zao zinatoka nje, wanazitoa kwa dripu. Daktari ni Msukuma wa Igunga, Dokta Ezekia, mpole ila anatembea kama anafuata ng'ombe. Siku ya kwanza kabisa nilimweleza kwamba sisi ni watu wa Maskati, babu alikuja na misafara, ili ajue anaongea na nani.

Tatizo ni kwamba dawa hawanipi. Kila mara napimwa damu kwanza, na kila mara wanasema chembe nyeupe hazitoshi. Wanataka zifike moja na nusu, zangu ni moja na kidogo. Wanasema wakinipa dawa itazimaliza hizo chache, nife kwa kikohozi. Nimerudishwa mara mbili. UKIMWI pia wamenipima mara mbili, mimi mjane wa miaka tisa! Sina. Chausiku ananinywesha maji ya rozela na kunilisha maini mpaka nahisi nitaota pembe.

Wewe unafanya kazi maabara. Niambie damu hii inaongezwaje. Na unijibu na jingine: nikichelewa hivi, nitapona?

Shangazi yako,
Maua binti Salum


Ujiji
21 Novemba 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima. Nawal ananyonya na kulala, na kichwa kimefunikwa. Jina alilitoa mama mkwe, sikuwa na kauli. Mume wangu anakusalimu na anaomba umwekee ndoo moja ya asali kabla wenye malori hawajaimaliza.

Umesema nisilie. Nimelia, kisha nikaisoma tena barua yako. Ningepanda treni leo kama si hii arobaini, na mama mkwe ameketi mlangoni kama polisi.

Maini na rozela acha, Shangazi, au kula kwa kuwa unapenda. Vitu hivyo husaidia chembe nyekundu. Chembe nyeupe hazina habari na maini.

Naomba unijibu haya. Je, damu yako ilikuwa hivyo tangu kipimo cha kwanza, kabla hata hujaguswa na dawa yoyote? Je, wewe ni mtu wa kuugua ugua, vidonda kukataa kupona, vifua, majipu? Na vipimo vyako vyote, nakili namba za chembe nyeupe unitumie, hasa mstari wa neutrofili, aina ya chembe nyeupe wanayoihesabu wao. Kuna kitu nakifikiria, lakini sitaki kukisema kabla sijaziona.

Mtoto wako,
Zuwena


Mtendeni
14 Desemba 2024

Zuwena mwanangu,

Marahaba. Nassibu alipata homa, treni ikaenda bila yeye, ndiyo maana nimechelewa. Tumemzika mzee Kashindye wa mtaa wa nyuma, yule fundi baiskeli, Mungu amrehemu. Ndoo ya mumeo ipo.

Namba nimezinakili nyuma ya karatasi hii. Ndiyo, ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza, na tone la dawa sijalipata mpaka leo. Kuugua siugui. Unanijua. Nimelea watoto wa nyumba hii wakiwa na surua na kifaduro, mimi nikipika.

Utaona namba moja iko juu, ya mwezi wa kumi na moja. Hiyo ilifika nne! Nilivaa baibui langu jipya kwenda Ipuli. Dokta Ezekia akaniangalia usoni, akaniambia, "Mama, shavu limefura." Nilikuwa na jino bovu, nikadhani halimhusu, nikawa nimejifunika mtandio. Akasema huwezi kupewa dawa na usaha mdomoni. Nikang'olewa jino. Wiki mbili baadaye, niko mzima kabisa, namba ikarudi moja na kidogo. Sasa niambie wewe mwenye elimu: nikiwa mgonjwa damu yangu nzuri, nikiwa mzima damu yangu mbaya. Nifanyeje, ning'oe meno yote?

Swali langu la mwisho hukulijibu. Nimeliona hilo.

Maua


Ujiji
24 Desemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Poleni kwa msiba wa mzee Kashindye, alinitengenezea baiskeli yangu ya kwanza. Arobaini imeisha, lakini likizo nayo imekwisha, nimerudishwa kazini.

Jino lako limenisaidia kuliko namba zote. Nakuomba usome polepole.

Mwilini kila kazi ina maelekezo yake, ndiyo wanayoyaita jeni, na kila jeni ina mahali pa kuiwashia, kama swichi ukutani. Kuna jeni moja inayoweka mlango mdogo juu ya chembe nyekundu za damu. Ni kwa mlango huo aina moja ya malaria, iitwayo vivax, huingia. Zamani sana, kabla ya misafara na kabla ya Tabora yenyewe, walizaliwa watu wenye badiliko dogo la herufi moja, na halikuwa kwenye jeni bali kwenye swichi yake. Jeni ni nzima, na sehemu nyingine za mwili inafanya kazi kama kawaida. Kwenye chembe nyekundu tu ndiko haiwaki. Mlango haupo, na malaria ile haina pa kupita. Watu hao walinusurika zaidi, wakazaa zaidi, na leo karibu watu weusi wote wa upande wetu wa Afrika tuko hivyo.

Lakini swichi hiyo hiyo ina jambo la pili. Asiye na mlango huo, chembe zake nyeupe nyingi hazikai kwenye damu, zinakwenda kukaa ndani ya nyama na kwenye bandama. Anayekutoa damu mshipani anaona askari wachache barabarani, anadhani kambini hakuna mtu. Jino likioza wanatoka wote. Ndiyo ile nne yako.

Mfano unaoujua wewe ni nyuki. Malkia na nyuki kibarua wanatoka kwenye mayai ya aina moja, maelekezo ni yale yale. Kinachowatofautisha ni kipi kimewashwa na kipi kimezimwa.

Kiwango cha moja na nusu kilipatikana kwa kupima damu za Wazungu, ambao mlango wao upo. Sisi hapa maabara tulishaacha kutumia kiwango kilichokuja na mashine, maana nusu ya wafanyakazi, na mimi nikiwemo, tungeandikwa wagonjwa.

Mimi si daktari, na hili ni kisio langu tu. Linathibitishwa na kipimo cha kundi la damu liitwalo Duffy. Mwonyeshe Dokta Ezekia ukurasa huu. Dawa za saratani hupunguza kweli hizi chembe, kwa hiyo lazima yeye ajue mapema kawaida yako ni ipi.

Zuwena


Mtendeni
19 Januari 2025

Zuwena,

Barua yako ya Desemba nimeipata jana. Mvua zilisomba reli huko Malagarasi, na Nassibu alikaa nayo mfukoni wiki nzima amekwama njiani. Imelowa pembeni lakini inasomeka.

Nimesikia habari za swichi. Ya nyuki usinifundishe. Malkia hulishwa chakula chake, hilo hata mtoto wa Sikonge analijua. Na hayo ya watu weusi wa upande wetu sijui kama yananihusu. Unajua babu yetu alikotoka.

Hata hivyo barua imekuja imechelewa. Chausiku naye anaumwa ninachoumwa mimi. Damu yake imepimwa, ni moja nukta mbili. Amekata tamaa. Ametenga sahani yake, kikombe chake na mswaki wake kwenye dirisha la jikoni, hataki tuchangie. Anasema amerithi kansa, na asipokuwa nayo basi ana kile kingine walichonipima mimi mara mbili. Hapiki, anakaa uani anaangalia kuku. Mimi nina hasira, kwa sababu wa kuumwa nyumba hii ni mmoja tu, na zamu hiyo nilishaichukua mimi.

Niombeeni.

Maua


Ujiji
26 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nawal hajambo, ameanza kucheka.

Nina swali moja tu, na nakuomba usilizunguke. Chausiku alipimwa na nani, na kwa sababu gani? Mtu mzima asiyeumwa haendi kutafuta hesabu ya chembe nyeupe.

Zuwena


Mtendeni
8 Februari 2025

Zuwena mwanangu,

Nimekaa na swali lako. Nilianza barua mbili nikazichana.

Kliniki ya Ipuli haitoi damu yenyewe. Wanakupa karatasi, unakwenda maabara iliyoko mjini, unatobolewa, na jibu linatumwa kwa daktari. Maabara hawanijui kwa sura, wanaona mwanamke kajitanda mtandio, wanasoma jina. Mwanzoni mwa Januari niliambiwa nikarudie mara ya mwisho, namba isipofika watampa nafasi yangu mgonjwa mwingine. Chausiku alichukua ile karatasi mezani. Akasema, "Mama, mimi nina miaka ishirini na minne, sijawahi hata kulazwa. Damu yangu itafika tu. Wakishakupa dawa ya kwanza hawawezi tena kukufukuza." Nikamwambia usifanye. Halafu nikampa mtandio wangu.

Jibu likaja kwa jina la Maua binti Salum: moja nukta mbili. Dokta akasikitika, akaniambia namba haibadiliki, lakini atanisogezea muda kidogo. Chausiku alikuwa amekaa pembeni yangu. Nilimwona anavyobadilika rangi.

Ndivyo ilivyokuwa. Sasa unajua.

Maua


Ujiji
14 Februari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimecheka na nimekasirika, sijui kipi kilianza.

Nianze na hasira, nawe unisamehe kwa kuwa ni mtoto. Ingekuwaje kama damu ya Chausiku ingefika, mkazoea kumpeleka yeye kila mara? Dawa ingemaliza chembe zako kweli, na karatasi ingesema unazo. Ungekufa kwa kikohozi kile kile walichokuambia, na daktari asingejua kwa nini.

Sasa la kucheka. Mwambie Chausiku arudishe kikombe chake kabatini. Haumwi. Kijana mzima, hajawahi kulazwa, ana namba ile ile ya mama yake: hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Mngekaa mwaka mzima mkifikiri namna ya kuthibitisha kwamba upungufu huu ni wa kuzaliwa na si wa ugonjwa, msingepata njia nzuri kama hiyo mliyoiiba.

Na habari ya Maskati haikuzuii. Kila mtu hupewa swichi mbili, moja ya baba na moja ya mama. Hata kama babu alitoka Maskati na swichi inayowaka, si lazima iwe imefika kwako. Sitaki kuingilia mambo ya babu.

Nenda ukamwambie Dokta Ezekia kila kitu: yako, ya jino, na ya Chausiku.

Zuwena


Mtendeni
27 Februari 2025

Zuwena,

Salamu. Ramadhani imekaribia, sukari hakuna.

Siendi. Mradi una masharti, yamebandikwa ukutani kule Ipuli, na la kwanza ni kwamba mgonjwa atakayedanganya anaondolewa. Nikisema, nafukuzwa leo. Nisiposema, labda mwezi ujao damu itapanda yenyewe. Na Chausiku ndiye atakayeonekana mwizi, msichana ambaye bado anatafutiwa mchumba. Mambo ya babu umefanya vizuri kutoyaingilia.

Kikombe amekirudisha. Kwapani upande wa kushoto pameanza kuwa pagumu, labda ni kwa kubeba ndoo.

Maua


Ujiji
3 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani.

Hapo kwapani si ndoo. Wewe unajua na mimi najua.

Uliniuliza Novemba kama ukichelewa utapona, ukanikumbusha tena Desemba. Nilikwepa mara zote mbili. Jibu ni kwamba sijui. Ninachojua ni kwamba kila mwezi unaopita bila dawa unakupunguzia nafasi, na mpaka sasa kilichokuzuia ni namba ambayo haina ubaya wowote.

Nimemwandikia Dokta Ezekia barua. Iko hapa mezani kwangu. Bila ruhusa yako siipeleki, kwa sababu wewe ndiye mkubwa wangu na mwili ni wako. Lakini baba yangu alikufa nikiwa mdogo, na aliyenipeleka shule ni wewe. Nakupenda, Shangazi. Sitaki kuja Tabora kwa msiba.

Zuwena


Mtendeni
4 Aprili 2025

Zuwena mwanangu,

Idi njema kwenu nyote. Sisi tumeila kwa pilau la jirani, maana Chausiku alitia chumvi mara mbili kwenye letu. Mfungo huu sikufunga, nitalipa nikijaaliwa. Mama mkwe wako mpe salamu, mwambie Nawal ni jina zuri nikilizoea.

Barua yako ya Machi niliisoma mara moja tu. Sikuipenda. Jumatatu iliyofuata nilikwenda Ipuli na Chausiku, na karatasi yako ya swichi.

Niliingia nikamwambia, "Dokta, damu ya Januari haikuwa yangu. Ilikuwa ya huyu." Akaweka kalamu chini. Kijana yule mpole nilimwona kwa mara ya kwanza amekasirika. Kwa kuwa sisikii vizuri alilazimika kupiga kelele, kwa hiyo foleni yote nje ilisikia.

"Mama, ungenifia mkononi! Mimi ningeitwa nani?"

Chausiku akaanza kusema ni kosa lake, nikamnyamazisha. Nikampa daktari ukurasa wako. Akausoma amesimama, kisha akakaa, akausoma tena. Akasema hili la Duffy alilisoma chuoni, na mwongozo wa mradi hauligusi kabisa, akalisahau. Nikaona uso unalainika. Halafu akaniangalia.

"Lakini mama, wewe uliniambia nyie ni Waarabu wa Maskati. Nitawaandikia wenye mradi kwamba ni kawaida ya watu wa huku, nao wataniuliza huyu mgonjwa ni mtu wa wapi. Niseme nini?"

Zuwena, la damu lilinitoka kirahisi. Hili, hapana. Miaka yote hiyo nimekaa mbele kwenye harusi za Mtendeni kwa sababu ya babu huyo. Nikamwambia, "Sema Mnyamwezi. Babu alikuwa mpagazi, mtu wa Itetemia. Alibeba pembe hadi Bagamoyo, akasilimu huko, akarudi na jina la tajiri wake. Maskati hajawahi kuiona." Chausiku alinigeukia kama nimemtukana. Hata baba yako hakuambiwa. Mimi aliniambia bibi.

Daktari akacheka, nikadhani ananicheka. Akasema, "Kumbe mayo ni wa kwetu! Tangu Septemba naogopa kukuamkia Kisukuma." Akaniamkia pale pale, mwangaluka mayo, yaani umeamkaje mama, nami nikaitikia, maana Kinyamwezi changu hakijafa chote.

Sasa sikia alichofanya. Akakunja shati, akatoka na sisi mpaka maabara ile ya mjini, akajaza karatasi kwa jina lake mwenyewe, akatobolewa. Mtu mwenye afya kama mlango wa bati, alikuwa ametoka kulima kwao Igunga wiki hiyo. Jibu likatoka: moja kamili. Chini yangu mimi, chini ya Chausiku! Akasema, "Kwa mwongozo huu hata mimi nisingepewa dawa."

Hakunifukuza. Ametuma barua yake kwa wenye mradi, pamoja na namba zake, zangu na za Chausiku, safari hii kila moja kwa jina la mwenyewe. Damu yangu imepelekwa Dar kwa kipimo chako cha Duffy. Chausiku ameandikiwa onyo, kalikunja kalitia kwenye pochi. Lakini daktari alinishika kwapani pia, na hakucheka tena.

Ile barua iliyoko mezani kwako sasa ichane.

Shangazi yako,
Maua


Ujiji
12 Aprili 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeichana.

Kuhusu babu: nimemhadithia mume wangu, naye amefurahi. Kumbe babu alikwenda na kurudi kwa miguu! Mimi najivunia huyo zaidi ya yule wa Maskati.

Dawa ikianza, sikiliza hili moja. Siku yoyote ukisikia homa, hata ndogo, usinywe panadoli ukalala. Mwambie Chausiku akupeleke Ipuli saa ile ile. Chembe zako zitashuka, na zitakuwa zimeshuka kweli. Nimepata ruhusa kazini. Nakuja mwezi wa sita na Nawal.

Zuwena


Mtendeni
18 Mei 2025

Zuwena mwanangu,

Marahaba, na salamu kwa wote. Nassibu anaondoka na treni ya jioni, kwa hiyo naandika haraka. Chumba cha uani nimekipaka chokaa kwa ajili yenu. Asali mpya imeingia, nyeupe, ya miyombo, nzuri sana.

Jibu la Dar lilikuja: mlango haupo, ni kama ulivyosema. Wenye mradi wakajibu baada ya wiki mbili kwamba mgonjwa mwenye kundi hilo atapimwa kwa kiwango kingine, na si mimi peke yangu. Dokta Ezekia anasema wapo wanawake wawili wa Nzega waliokuwa wamerudishwa kama mimi. Mmoja wamempata. Mwingine ndugu zake wamesema alishafariki Februari. Aliniambia hilo kwa sauti ya chini, ikabidi nisome midomo yake.

Uvimbe umekua. Ameniambia wazi kwamba miezi ile iliyopotea hairudi, na kisu kitasubiri mpaka dawa ifanye kazi yake. Nimemwambia asante kwa kunieleza.

Dawa ya kwanza nimeipata mwisho wa Aprili. Nilitapika siku mbili, nikalala ya tatu, ya nne nikaenda kugombana na warinaji. Homa sijapata. Chausiku ananipima joto mpaka nimechoka.

Ijumaa asubuhi nilikuwa najichana nywele jikoni. Kitana kikatoka na fungu zima. Nikachana tena, likatoka lingine. Chausiku akaacha sufuria akaanza kulia. Nikamwambia, wewe, nyamaza, hiyo ndiyo dawa, imeingia. Nikapiga vigelegele kwa nguvu zangu zote, hata mimi mwenyewe nikavisikia. Majirani wakaja mbio, nikajitanda kwenda mlangoni, wakauliza kuna harusi gani.

Nikawavulia mtandio.

Maua